Mwaka Nilioandika Malaria

Tulimzika Chifu Mukabane Jumamosi ya juzi, na alizikwa vile mtu wa kwetu hutamani kuzikwa. Kulikuwa na mahema matano, kwaya mbili zilizoshindana waziwazi, ngoma za isikuti zilizowafanya wazee wasahau magongo yao, na hotuba ambazo zingemchosha hata marehemu. Alikuwa naibu wa chifu tu, wa kata ndogo moja huku Kabras, lakini hakuna aliyewahi kumwita naibu. Tulimwita Chifu alipokuwa kazini, na tukaendelea kumwita Chifu alipostaafu akarudi kwenye miwa yake. Nilitoka Khwisero, ninakofundisha, nikiwa na huzuni ya kweli, kwa sababu mwaka mmoja wa ujana wangu niliupitisha ng'ambo ya meza yake nikimwandikia. Ila kufikia saa saba mchana huzuni ilikuwa imenitoka, nimebaki na hasira, na hasira hiyo sijaimaliza hata sasa ninapoandika haya.

Ilianza na mhubiri. Alimsifu marehemu kwa kazi yake wakati wa korona, hilo sikatai, halafu akasema Mungu aliipita Kakamega kama alivyozipita nyumba za Waisraeli kule Misri. Watu wakaitikia amina, hata wale ninaowajua kwa majina na ninajua walimzika nani mwaka ule. Nikajiambia huyu ni mhubiri, ndiyo kazi yake. Tukaenda kula. Nilikaa meza moja na mwalimu mmoja mstaafu, na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na Nereah, binti ya senje wangu, yaani shangazi. Nereah na mimi tulilala kitanda kimoja utotoni. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi kwa kuwa anafanya kazi Uingereza, katika nyumba ya kutunzia wazee. Asubuhi tulikuwa tumekumbatiana na kulia kidogo, na sasa tulikuwa tunapambana na ingokho, kuku wa kienyeji aliyekataa katakata kuachana na mifupa yake, na obusuma, yaani ugali, ya moto iliyokatwa vipande vikubwa.

“Lakini nyinyi mlibahatika,” Nereah akasema, akanisukumia simu yake katikati ya sahani. Ilikuwa ramani ya dunia, ya vifo vya korona. Kulikokufa watu wengi kumepakwa nyekundu iliyoiva, na sisi tulikuwa rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. “Angalia Uingereza. Angalia Italia. Sasa angalia hapa. Hamkuguswa.”

“Ni jua,” mwalimu akasema kwa sauti ya kufunga mjadala. “Hii jua ya huku hakuna kidudu inaweza kuvumilia.”

“Ni chakula,” mwenyekiti akasema. “Sisi tunakulanga obusuma na mboga ya kienyeji. Hao watu wanakulanga mkate asubuhi, mkate jioni.”

“Na vijana,” Nereah akasema. “Hapa wengi ni vijana. Huko kwetu ni wazee watupu.”

Huko kwetu. Nilitafuna paja langu la kuku. Sikatai jibu hata moja kati ya hayo. Huenda jua lilisaidia. Kwamba vijana ni wengi, hilo kila mwalimu aliyewahi kugawa vitabu darasani analijua. Wazee wetu hawakukaa hamsini katika jengo moja lenye madirisha yaliyofungwa kwa baridi. Kila mmoja alikuwa kwake, mlango wazi tangu asubuhi, kuku wakiingia na kutoka wanavyotaka. Haya yote nayaamini. Kinachonikera ni kwamba watu wenye ramani wanauliza jua lilifanya kiasi gani, na ujana ulifanya kiasi gani, na hakuna anayeuliza kalamu ilifanya kiasi gani. Kalamu ya kata yetu nilikuwa nayo mimi. Na mtu niliyemficha zaidi nilichoandika nayo ndiye huyu aliyekuwa akinionyesha ramani, kwa sababu miongoni mwa watu niliowaandika yumo nyanya yetu, Kukhu Rabeka, na Nereah aliambiwa kwamba alikufa kwa uzee.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa tatu chuoni, vyuo vilipofungwa. Nilienda kwa Kukhu na begi moja, kwa kuwa tuliambiwa ni wiki chache. Nyumba yake ilikuwa na sebule moja ya kuta za udongo zilizopakwa chokaa, viti vya mbao vilivyovishwa vitambaa vya kufuma, na redio iliyokaa dirishani ndani ya mfuko wa plastiki ili isiingiwe na vumbi. Kitanda chake kilikuwa chumba cha pili, kimewekwa ili akilala aone mlango wa mbele hadi barabarani. Tulipika nje, katika kibanda cha jiko cha nyasi chenye moshi, na tukala ndani. Kila alasiri redio ilitaja wagonjwa wa siku ile, kaunti kwa kaunti, na Kukhu aliacha kila kitu akaja kusikiliza, mikono ikiwa na unga.

“Wametaja sisi?”

“Bado, Kukhu.”

“Haya, zima. Betri ni ya ibada.”

Nilifika kwa Chifu kwa sababu ya miwani. Yake ilivunjika mguu mmoja na kioo kimoja, na maduka ya miwani mjini yalikuwa yamefungwa, na serikali haikuacha kuleta fomu kwa sababu Mukabane haoni. Akaja kwa Kukhu kuuliza kama yule msichana wa chuo ana mwandiko mzuri. Kukhu akamjibu kwamba nina mwandiko mzuri lakini mdomo mbaya. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha matofali kando ya kinu cha posho, kwa hiyo kila kitu mle ndani, bendera, picha ya rais na hata sukari ya chai, kilikuwa na unga mwembamba wa mahindi juu yake. Mtu akifia nyumbani kwetu, si daktari anayeandika. Familia huja kwa naibu wa chifu, wanaeleza, anaandika jina, umri na chanzo cha kifo, kisha anatoa kibali cha mazishi. Sikuwa nimewahi kujiuliza habari za karatasi hiyo. Nilidhani vifo vya nchi huhesabiwa na watu waliovaa makoti meupe. Kumbe vingi huanzia kando ya kinu cha posho, kwa mzee asiye na miwani.

Miezi ya kwanza kazi ilikuwa ya kuchekesha. Chifu alizunguka sokoni akiwafukuza watu waliosimama karibukaribu, na alipopita tu walikaribiana tena ili wamsengenye. Barakoa zilivaliwa kidevuni. Kila lango lilikuwa na ndoo yenye mfereji na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba. Watu walisema ni ugonjwa wa Nairobi, wa wanaopanda ndege, na mzee mmoja akaniuliza kama unaweza kuingia kwa mtu asiye na pasipoti. Nilicheka sana. Nereah hakucheka. Alipiga simu kila Jumapili baada ya kazi, sauti imechoka, akisimulia jinsi walivyofunga zipu za mifuko ya maiti, jinsi alivyoshikilia simu mbele ya uso wa bibi mmoja ili watoto wake wamuage kutoka upande wa pili. “Mwangalie Kukhu,” aliniambia kila mara. “Akikohoa tu, uniambie. Hata kama ni kidogo. Uniambie.” Nikamwahidi.

Mambo yalibadilika alipozikwa Obadia. Alikuwa seremala Nairobi, akarudi nyumbani anakohoa, akapelekwa hospitali, akapimwa, na majibu yakatoka yeye amekwisha kufa. Aliletwa saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, ndani ya mfuko. Watu wanne waliojifunika kwa meupe toka utosini hadi unyayoni walimshusha kwa kamba, wakanyunyiza dawa, wakavua glavu wakazitupa juu yake, wakaondoka. Hata nusu saa haikuisha. Hapakuwa na wimbo, wajomba zake hawakuwa wamefika, hakuna aliyepata nafasi ya kusema chochote. Mama yake alimshika Chifu koti akimwomba afunuliwe uso tu ajue ni mwanawe, na Chifu akakataa kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Baada ya hapo hakuna aliyenunua maziwa ya boma lile. Kila asubuhi walikama na kumwaga.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulienda mbele yao, tukakificha kifo chenyewe. Baada ya Obadia hakuna familia iliyompeleka mgonjwa wa kifua hospitali kama ingeweza kujizuia. Walijifukiza nyumbani kwa majani ya mikaratusi na ndimu, walikunywa tangawizi hadi koo likawaka, na waliokufa walikufa kwenye vitanda vyao. Kisha wenyewe walikuja ofisini.

“Aliugua nini?” Chifu angeuliza.

“Homa.”

“Homa gani?”

“Homa tu, Chifu. Na kifua kidogo.”

Chifu angetazama nje kwa dirisha, kule kwenye foleni ya wanawake waliobeba mahindi ya kusaga. “Salome, andika malaria.”

Mara ya kwanza nilisita. Nikamuuliza kama ana hakika.

“Wewe ni daktari?” akaniuliza.

“Hapana.”

“Hata mimi. Basi tuandike ile tunajua. Malaria tunaijua.”

Nilitaka kumchukia kwa jibu lile na nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimemwona siku ya Obadia akirudi ofisini, akavua lile koti lililoshikwa, akalitundika, na tangu siku hiyo hakulivaa tena. Hakuwa mwongo kwa asili. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo angeweza kuwaambia walio juu: nileteeni mtu wa kupima wafu wangu. Sijui kama alilisema. Najua hakuna aliyekuja. Tuliandikiwa barua kuhusu idadi ya watu wanaoruhusiwa matangani, kuhusu ndoo, kuhusu umbali kati ya kiti na kiti. Hakuna barua hata moja iliyouliza watu wenu wanakufa na nini.

Kisha akafa Mzee Zakayo, jirani yetu, fundi wa trekta za miwa. Mwanawe Hezroni alikuja ofisini mapema, kofia mkononi. Alieleza yote bila kuulizwa, kama mtu aliyekuwa akijisomea njiani. Baba alikohoa siku tisa. Alishindwa kupumua akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni. “Na pua ilimkataa, Chifu. Mzee wangu, yule alikuwanga anasikia harufu ya dizeli anakuambia ni trekta ya nani inakuja. Juzi chai imeungua kando yake, moshi imejaa nyumba, anakaa tu. Hakusikia kitu.”

Tulikuwa tumesikia redioni dalili hiyo mara mia. Nilinyanyua kalamu nikamwangalia Chifu, na Chifu akaangalia meza. Safari hiyo hakuniambia niandike nini. Hezroni alikuwa akiikunja na kuikunjua kofia yake, na mimi nikamwona Obadia akishushwa kwa kamba, nikaandika malaria kwa mwandiko wangu ule mzuri, nikapuliza wino ukauke.

Kwetu mtu hazikwi bila kusimuliwa. Kabla ya jeneza kuinuliwa, mmoja wa familia husimama akaeleza ugonjwa tangu siku ya kwanza: ulianzaje, alipelekwa wapi, alikula nini mwisho, alisema nini. Wajomba wa marehemu hukaa mbele wakisikiliza kama mahakimu, kwa sababu hadithi ikiwa na tundu watauliza nani alimuua mtoto wao. Halafu liguru, mzee wa kijiji, husoma kibali, ili hadithi na karatasi vikutane. Hezroni alisimama akasimulia kikohozi, pumzi, mpaka chai iliyoungua. Hakuacha kitu. Liguru akasoma: malaria. Nilikuwa nimesimama karibu na ndoo ya maji, nikingoja mtu acheke au apige kelele. Watu wakashusha pumzi, wakaitikia amina, wimbo ukaanza. Nikajua wameamini. Wanawake vijana walikuwa wote nje ya ua, kwenye masufuria, na ndani, pale kichwani pa jeneza, kwenye kigoda, alikaa Kukhu Rabeka na wazee wenzake wawili wa kike. Walikaa tangu asubuhi hadi mazishi, Kukhu akimfuta Mzee Zakayo uso kwa leso. Nilitaka kwenda kumwondoa. Ningemwondoa nimwambie nini? Ningekuwa nimesema mbele ya mji mzima kwamba karatasi iliyosomwa sasa hivi ni ya uongo.

Kiasi cha wiki moja baadaye Kukhu akaanza kulalamika kuhusu chumvi.

“Sarome, siku hizi unapikanga mrenda kama ya hospitari. Chumvi imeisha?”

Nikaongeza. Kesho yake akasema tena. Nikaongeza mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kuila, na yeye akasukuma sahani akasema nimekuwa mchoyo wa chumvi kama watu wa chuo. Nilikasirika nikamwambia apike mwenyewe. Nilikuwa nimefika mlangoni nimebeba sahani nilipoelewa nilichokuwa nimeambiwa. Nilikaa kwenye ngazi ya jiko na ile mboga ya mrenda ikapoa mapajani mwangu.

Kikohozi kilikuja baada ya siku mbili. Nikamwambia twende hospitali, nitaita pikipiki. Akanishika kifundo cha mkono, na kwa mwanamke wa umri ule alikuwa na nguvu. “Nikienda huko watanirudisha kwa mfuko. Mimi si mborea. Nitakaa hapa naangaria mrango wangu.” Jumapili Nereah akapiga simu. Kukhu alikuwa amelala chali, macho mlangoni, kifua kikipanda na kushuka haraka. Akanyoosha kidole akakitikisa. “Mwambie niko shamba,” akanong'ona. “Ako na wazee wake wa kutunza. Asirie bure.”

Nikatoka nje, nikasimama kati ya migomba. “Yuko shambani,” nikasema.

“Hakohoi?”

“Hakohoi.”

Alikufa Jumanne, saa tano asubuhi, mlango ukiwa wazi, nikiwa nimemshika mkono. Nilienda ofisini mwenyewe. Chifu alinyanyuka aliponiona, akanisukumia fomu, akasema, “Hii andika yenyewe vile unataka. Mimi nitatia sahihi.” Sijawahi kupewa uhuru mzito kama ule. Ningeandika neno lile lingine, wangekuja na kamba na dawa, na watu wangeuliza juu ya Mzee Zakayo, na juu ya wote waliotangulia. Nikaandika uzee. Matangani mimi ndiye niliyesimama kumsimulia, kwa kuwa ndiye niliyekuwa naye. Nilisimulia kila kitu isipokuwa chumvi. Jioni ile nikampigia Nereah nikamwambia nyanya yetu amelala tu kama watu wa umri wake wanavyolala, na yeye akalia akasema, angalau si ile. Angalau yeye si ile. Vyuo vilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kuondoka.

Ndiyo maana Jumamosi ya juzi nilishindwa kumaliza kuku wangu. Niliondoka mezani nikamkuta Hezroni nyuma ya mahema, kwenye tangi la maji, akinawa. Ameota mvi. Sikujiandaa, maneno yalitoka yenyewe.

“Hezroni, babako hakufa kwa malaria.”

Akanitazama, maji yakimtiririka viwikoni, kisha akacheka kidogo kwa mshangao. “Salome. Wewe ulidhani hatukujua?”

Nikamuuliza ana maana gani.

“Nilisimulia mpaka ile chai. Nani hakusikia? Kukhu yenu alikuja kwetu asubuhi ile kabla watu wafike. Akasema wenye mimba na wenye kunyonyesha wapike huko nje, asiingie mtu. Akasema yeye na wale mama wawili ndio watakaa na mwili, kwa sababu wao wamezaa na wamezika, wamemaliza kazi. Akamfuta mzee ili mama yangu asimfute.”

“Na karatasi?”

“Karatasi ilikuwa ya serikali. Ilitupatia ruhusa ya kuzika. Haikuwa ya kutuambia kitu.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Tungekuambia, ungeshindwa kuandika.”

Alijifuta mikono kwa suruali, akaniuliza habari za Khwisero. Nilimjibu, sijui nilimjibu nini. Miaka yote hii nimebeba hatia kwamba nilidanganya kijiji, na kwamba uongo wangu ndio uliomkalisha Kukhu kwenye kile kigoda. Mtu akitolewa mzigo kama huo anapaswa kushukuru. Mimi nilitaka kumpiga mtu. Walijua wote! Waliketi pale, wajomba, liguru, wanakwaya, wakaitikia amina kwa karatasi ambayo hakuna aliyeiamini, na wakapanga kwa akili zao nani akae karibu na nani akae mbali, na mpango wenyewe ulikuwa mzuri kuliko barua zote zilizoletwa ofisini. Lakini ulisemwa kwa kunong'ona, nyumba kwa nyumba. Huko mbali ramani inachorwa, wenye elimu wanakuna vichwa kwa nini huku kulikuwa na afueni, na sisi tunaopaswa kuwaambia tunasema ni obusuma. Na mwakani ukija ugonjwa mwingine? Tutaandika malaria tena, na wazee wetu watakaa tena kichwani pa jeneza, kwa sababu hatukumfundisha mtu yeyote lolote, hata sisi wenyewe.

Nilirudi mezani. Mwalimu na mwenyekiti walikuwa wamekwenda kusalimia wageni. Nereah alikuwa peke yake, akikusanya mifupa kwenye sahani moja vile Kukhu alivyotufundisha. Nikakaa, nikamwambia. Nilimwambia habari za Mzee Zakayo, za leso, za chumvi, za kikohozi. Nilimwambia kwamba Jumapili ile Kukhu hakuwa shambani. Alikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa nimesimama na simu, na dirisha lilikuwa wazi.

Nilitegemea anipigie kelele. Nilikuwa tayari kwa kelele, hata nilizitaka. Aliiweka sahani chini polepole.

“Nani mwingine anajua?”

“Wote.”

“Kasoro mimi.”

“Kasoro wewe.”

Akatazama kule walikokuwa wakishindilia udongo kwenye kaburi la Chifu. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya kazini kwake, ile ya kumweleza mtu jambo moja baada ya jingine.

“Tulikuwa tunawageuza, Salome. Hatukuwa na dawa ya maana, lakini tulikuwa tunawalaza kifudifudi, mto chini ya kifua, saa nyingi, pumzi ipate njia. Si wote. Lakini wengine waliamka. Hiyo ndiyo nilitaka kukuambia Kukhu akikohoa. Ndiyo maana nilikuwa nauliza.” Akanigeukia. “Alilala vipi?”

“Chali,” nikasema. “Siku zote. Alitaka kuona mlango.”